Bati Lililorudi Kwenye Paa la Uwanja

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla mambo hayajaharibika, na nitajitahidi kueleza bila kulia maana kulia nimekwisha lia.

Mimi ni mchoraji ramani katika ofisi ya mjomba wangu, mhandisi, ndiye aliyenisomesha tangu baba alipofariki, na sasa tunajenga uwanja wa mpira ambao paa la jukwaa lake la mashariki litazalisha umeme wa jua, na mwanzoni tulikubaliana kwamba paneli za sola ndizo ziwe paa lenyewe, bila bati chini yake, kwa hiyo nilipopiga hesabu ya uzito utakaobebwa na boriti nikayatoa mabati, nikaweka paneli peke yake, na mjomba akagonga muhuri bila kukagua kwa sababu siku zote husema mkono wangu ni mkono wake. Miezi miwili baadaye wenye uwanja wakaogopa kuvuja, wakataka bati lirudi chini ya paneli, nami nikalichora kwa mkono wangu huu huu, ila ile hesabu sikuigusa, nilisahau, sina neno jingine.

Sasa bati liko juu tayari na paneli zinapandishwa mwisho wa mwezi. Nilipokumbuka nilimwendea mjomba nikamweleza, akacheka. "Mwanangu, kila boriti ina akiba yake ya nguvu. Paa limekaa wiki tatu, umelisikia likilalamika?" Nikamwambia akiba hiyo nimeihesabu, paneli zikipanda italiwa yote, na upepo ukivuma hakuna kitakachobaki, akasema uwanja huu ndio kazi yake ya mwisho kabla hajastaafu na hataki kuagwa kwa aibu. Mama naye kaniambia, "Heri kujikwaa dole kuliko ulimi. Usimvue nguo kaka yangu mbele za watu." Mume wangu alikuwa amekata tiketi za ufunguzi, yeye na watoto, jukwaa hilo hilo la mashariki, nikamdanganya kwamba jioni jua litawapiga machoni, akabadilisha wakapata la magharibi.

Mjomba nampenda, na namwogopa pia. Nifanye nini?

Mpwa wa Mhandisi

JIBU

Marahaba, mpwa. Swali lako ulishalijibu siku ulipowahamisha wanao. Watoto wa wenzako wamebaki mashariki, nao mama zao hawajui kupiga hesabu za boriti.

Kusahau si dhambi, na pole nakupa kwa moyo mmoja. Mtu akiambiwa toa bati, rudisha bati, kichwa kitachanganyikiwa tu. Lakini kusahau kuliisha siku ulipokumbuka. Kuanzia hapo unanyamaza, na kunyamaza unakufanya kwa akili zako timamu. Mjomba wako naye nimkanye kidogo: muhuri si pambo la karatasi, na paa huwa halilalamiki, huanguka. Mama yako methali yake ni nzuri, ila imeingia nyumba isiyo yake. Ulimi huo wa kuogopa kujikwaa ni wa kusengenya, si wa kusema uzito wa chuma.

Tena nakuuliza: kwa nini umeniandikia mimi? Mimi boriti naijua kwa kuigonga kichwa. Umeniandikia kwa sababu unajua siwezi kusimamisha kazi, na anayeweza unamkwepa.

Basi sikiliza. Kesho asubuhi rudia hesabu, bati likiwemo, utoe nakala mbili. Ya kwanza mpe mjomba mkononi, umwambie, "Mjomba, kosa ni langu, naomba ulipeleke wewe kwa msimamizi wa ujenzi." Mpe hadi saa sita mchana, ili aende mwenyewe na heshima yake. Saa sita ikipita hajainuka kitini, chukua nakala ya pili uende wewe, useme paneli zisipande hadi boriti ziongezwe nguvu au bati lishushwe. Usimseme mjomba kwa ubaya. Sema ulichokosea wewe, kinatosha. Na mumeo mwambie kweli jioni hiyo hiyo.

Mjomba atakasirika, pengine hatakanyaga kwako mwaka mzima, na utaumia. Lakini mtu aliyekasirika unaweza kumwendea ukamwomba radhi. Aliyeangukiwa na paa, utamwomba nani?