Vitambaa vya Sebuleni

Jumamosi, 4 Mei
Leo nimemfumania Babu – akifuma! Nilikwenda stoo kuchukua ndoo, nikamkuta amekalia tairi kuukuu, miwani puani, uzi mweupe kidoleni. Babu! Dereva wa malori miaka thelathini, mwenye sauti kama honi! Akasukumia kila kitu chini ya shati. Tumbo likaota pembe.

Nikamuuliza, vitambaa vya makochi si anafuma Bibi? Akasema funga mlango kwanza.

Kumbe! Vile vyote vya sebuleni, wanavyovisifu wageni mpaka chai inapoa, ni vya Babu. Alijifunza wodini alipovunjika mguu. Nesi alichoshwa na makelele yake, akampa sindano ya ndoano na uzi. Baadaye mgeni mmoja akauliza kafuma nani. Bibi akajibu: "Mikono hii hii." Siku hizo mama alikuwa bado ananyonya. Uongo una umri wa mama yangu!

Nimeapa sitasema. Kwa sharti – anifundishe.

Jumapili, 5 Mei
Somo la kwanza, mnyororo wa vitanzi. Babu anafundisha kama vile nimeshika usukani. Kata kona! Legeza! Unakimbilia wapi? Saa nzima nimehangaika, ameangalia, akavuta uzi – prrr! Kwisha. Nikalia kidogo. Akaniambia hata yeye alilia wodini, akasingizia mguu.

Jumatano, 8 Mei
Nimefumuliwa mara nne.

Ijumaa, 10 Mei
Bibi amejua kwamba najua. Ameona uzi umening'inia kwenye soksi yangu. Akaja kukaa kitandani kwangu, nikajua leo nimekwisha. Wala! Akanong'ona kwamba na yeye alijaribu, zamani. Kitambaa chake cha kwanza, Babu alidhani tambara, akafutia oili ya injini. Tukacheka mpaka akashika mbavu. Halafu ghafla akanyoosha kidole: siri ya nyumba haitoki nje!

Jumanne, 14 Mei
Nimemaliza duara zima! Linajikunja kama kofia, lakini duara. Babu akaligeuza huku na huku, akasema sasa nina leseni – ya baiskeli. Nikalivaa kichwani kwa furaha. Mama akauliza nimelitoa wapi. Nikasema nimeokota. Ugonjwa wa Bibi unaambukiza.

Jumamosi, 18 Mei
Balaa! Wifi yake Bibi, yaani dada yake Babu, ametokea bila hodi ya maana, na majirani wawili na mfuko wa nyuzi. Wanataka Bibi awafundishe lile ua la katikati ya vitambaa vya sebuleni. Leo leo!

Bibi akasema macho yanamsumbua. Wifi akavua miwani yake, akampa. Bibi akasema basi kidole kinauma. Wifi akasema mbona sasa hivi ulikuwa unamenya viazi?

Nilimhurumia Bibi. Jasho lile! Akanishika bega: "Mjukuu wangu atawaonyesha. Nimemfundisha mwenyewe."

Nikakaa. Mnyororo – sawa. Duara – sawa, wakaguna kwa sifa. Lakini ua Babu hajanifundisha! Nikainua macho. Dirishani, kwa nje, Babu alikuwa anafuta kioo ambacho hajawahi kukifuta tangu nizaliwe. Vidole viwili juu. Geuza. Vuta. Nikamfuata, petali ya kwanza ikatoka! Ya pili ikatoka! Ya tatu – kioo kikapigwa ngumi.

"Umeruka kitanzi! Fumua!"

Ile sauti ya honi. Majirani wakaruka. Bibi akafumba macho. Wifi akageuka dirishani polepole: "Kaka, wewe umejuaje?"

Babu kabaki na tambara lake mkononi. Nikasema nimebanwa, nikakimbia. Naandika haya chooni. Sasa nasikia viatu vya Babu vinaingia ndani. Vimesimama. Wifi anauliza tena.

Bibi anakohoa. Anasema – msogezeeni mzee kiti, na huo uzi. Hapo, penye mwanga.