Esteri, Aliyeondoka Baada ya Picha

MAELEZO YA SHAHIDI
Polisi, Wilaya ya Kibondo, tarehe 16 Juni 1975

Jina: Mwajabu binti Abdulrahmani. Umri: miaka 47 au karibu na hapo. Kabila: Muha. Dini: Islamu. Kazi: mkulima, pia nauza vitumbua. Makazi: kijiji cha Kitahana.

Nimeonywa niseme kweli tupu, nami nimelitaja jina la Mwenyezi Mungu kabla konstebo hajashika kalamu.

Mimi ni mjane, sikujaliwa mtoto. Ni mtunza ufunguo wa chumba cha ushonaji cha kikundi chetu cha akina mama. Mwaka jana ubalozi wa nchi moja ya Ulaya, ambayo jina lake linanishinda kutamka, ulitupa cherehani nne na mabati ya kuezekea. Sharti lao lilikuwa tujiendeshe wenyewe: tupige kura, tufanye mikutano, tujizoeze kusimama na kusema mbele ya wanaume kwenye mkutano wa kijiji. Katika kura ile ufunguo nilipewa mimi, kwa kuwa sina ndugu hapa wa kumpendelea. Walisema ni heshima. Nilishukuru, nikaenda nayo nyumbani peke yangu.

Esteri Ndihokubwayo ni mkimbizi wa Burundi, alikuja mwaka 1972 bila mtu. Ndiye fundi wetu. Kiha changu na Kirundi chake vinasikilizana, na nyumba zetu zimepakana. Yeye ni Mkristo, lakini kila jioni alikuja akakaa mlangoni kwangu akingoja nimalize sala ya magharibi, kisha tukala pamoja. Sijui kama hilo huwa linaandikwa, mwanangu, lakini liandike.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni, yapata saa nne asubuhi, alifika mama mmoja wa ubalozi pamoja na Bwana Maendeleo wa wilaya, ambaye ndiye aliyemtafsiria. Winifrida, katibu wetu, alimvuta Esteri mbele kwa sababu ndiye anayeshona vizuri. Mgeni alivyosikia ni mkimbizi alifurahi sana. Akampiga picha akiwa kwenye cherehani, akaandika jina lake na kwao. Bwana Maendeleo akatuambia picha itatoka kwenye gazeti la ubalozi. Winifrida akamtania, "Shoga, wewe utafika Ulaya sisi tukiwa bado tunapalilia maharage." Tulicheka wote, hata mimi. Niliona kama amesifiwa mtu wa nyumbani kwangu.

Esteri hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: "Gazeti hilo, na Bujumbura linafika?"

Bwana Maendeleo akamuuliza mgeni, kisha akarudisha jibu kwa furaha: "Linafika kila penye ubalozi wao. Na Bujumbura wapo."

Mgeni akamshika Esteri mkono kwa mikono yake miwili. Hakuwa na nia mbaya, hilo nalisema hata sasa.

Jioni ile nilipomaliza kusali, Esteri alikuwa mlangoni kama kawaida. Akaniambia, "Dada, kule waliomuua mume wangu wanajua nami nilikufa naye. Ndiyo maana mama yangu wamemwacha hai."

Nilimwambia Jumatatu tutakwenda wote kwa Bwana Maendeleo tuombe picha isitoke. Akasema vyema. Chakula hakugusa.

Jumapili asubuhi nilikuta mlango wake umefungwa kwa nje kwa kamba, na jiko limepoa. Bazilio, jirani yetu anayewahi kwenye mizinga yake ya nyuki, alisema alimkuta njia ya Nyabibuye, inayokwenda mpakani, akiwa na kifurushi kidogo. Naogopa amemfuata mama yake kabla gazeti halijafika.

Siku hiyohiyo Winifrida, akitoka kanisani, alikuja kwenu kueleza kwamba mkimbizi ametoroka na mali ya ubalozi. Alitaka nami nitie sahihi kwa kuwa ufunguo ni wangu. Alisema, "Tusipowahi sisi, ubalozi utadhani tuko naye, na msaada mwingine hatutauona." Nilimjibu kwamba kituoni nitakwenda, lakini si kwa hilo. Cherehani zote nne zipo. Mkasi haupo, ni kweli. Mkasi ule ni wa Esteri, alikuja nao toka kwao.

Kwa hiyo sikuja kushitaki. Askari wa mpakani wakiambiwa mwizi, watamfukuza, naye akiona sare atakimbilia hukohuko alikokimbia. Naomba aandikwe mtu aliyepotea. Mkimkuta msipaze sauti. Semeni naye Kiha, polepole, mwambieni Mwajabu amekataa kutia sahihi.

Jana nilipomaliza magharibi niligeuka mlangoni kumwambia chakula kiko tayari.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. La moyoni sikuongeza, ila hilo moja.

Sahihi: Mwajabu A. (ameandika kwa mkono wake)

MAELEZO YA ASKARI: Nimemsomea shahidi, amekubali kuwa ndivyo alivyosema. Nimefika naye Kitahana, cherehani nne nimeziona. Taarifa ya wizi imefutwa. Nimepeleka ujumbe Nyabibuye kwa simu ya upepo kama ifuatavyo: Esteri Ndihokubwayo, mwanamke, mshonaji, anatafutwa. Hana kosa.

Konstebo Kipriani