Hawa Wanazika

Brno,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kaka yangu Athmani,

Asalaam alaykum warahmatullah. Nakuulizia wewe, wifi yangu Saumu, na magoti ya Mama, ambayo kila nikipiga simu ananiambia yamepona, na nyuma yake namsikia Saumu akicheka. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nasali, baridi nimeizoea. Ni mengine yaliyonifanya nishike kalamu.

Barua hii anakuletea Rukia wa Kisauni, niliyesoma naye chuo hapa, anayekuja kufunga mwezi nyumbani. Sikutaka kuyasema kwenye simu. Kwenye simu Mama huwa pembeni, nawe huwa na haraka ya kwenda kazini bandarini Kipevu, nami huishia kusema, "Alhamdulillahi, kazi nzuri." Isome kwanza peke yako. Kisha wewe ndiye utakayejua Mama asomewe kiasi gani.

Najua anawaambia watu wa Mtongwe kuwa mwanawe anatengeneza ndege. Sikumsahihisha, na hilo ni kosa langu. Kampuni inatengeneza ndege kweli, zile za kijeshi zisizo na rubani, lakini mimi sijawahi kushika hata skrubu. Niko ghorofa ya pili, katika chumba cha watu kumi na wawili, kila mmoja na skrini yake. Tunaletewa video zilizopigwa kutoka juu, za nchi ambazo hatutajiwi, nasi tunachora visanduku. Gari, kisanduku cha buluu. Mnyama, cha manjano. Mtu, cheupe. Kikundi cha watu waliobeba kitu kirefu, kisanduku chekundu, yaani wana silaha. Kompyuta ya ndege hujifunza kwa visanduku vyetu, ili siku ikiwa angani yenyewe ijue inachokiona. Mwanzo niliona ni kazi safi. Nilisomea ramani, Kaka, na hii ilikuwa kama ramani inayotembea.

Mwezi uliopita kampuni ilipeleka ndege yake kwenye maonyesho ya silaha, nami nikachukuliwa kusimama bandani kwa kuwa walitarajia wageni kutoka Afrika. Ukumbi una zulia jipya, ndege zimening'inizwa darini, na makombora yamepangwa mezani kama chupa za marashi. Kila banda lina bakuli la peremende. Kila nchi inauza ndege za namna hii siku hizi, kwa hivyo kila muuzaji hana budi aonyeshe kwamba yake inaona kuliko ya jirani. Pavel, mkuu wa mradi wetu, alikuwa akimwambia kila aliyesimama, "Sisi hatuuzi mabomu. Tunauza macho."

Akaja mzee mmoja, afisa mstaafu anayeishauri serikali yake katika ununuzi. Nchi yake sitaitaja. Alipoisikia sauti yangu akaacha Kiingereza.

"Binti, wa wapi wewe?"

"Mtongwe, mzee. Likoni."

"Ah! Mtu wa pwani unakuja kuuza ndege kwenye baridi hii? Viazi vya karai vimekwisha kwenu?"

Nikacheka. Wallahi nilifurahi kuitwa binti.

"Haya, nionyeshe. Hii ndege yenu inamjua mtu?"

"Inamjua, mzee."

"Inamjua kuwa ni mtu, au inamjua ni nani?"

"Kuwa ni mtu. Na kwamba amebeba kitu."

Pavel akawasha video kwenye skrini kubwa kama ukuta. Nilikitambua kipande kile, maana nilikichora mimi. Barabara ya vumbi, wanaume kama thelathini wanakwenda mwendo wa haraka, katikati yao kitu kirefu, na kisanduku chekundu kinawafuata hatua kwa hatua. Pavel alikuwa akieleza jinsi kisivyochelewa. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa tena.

"Hawa wanazika, binti."

"Unasemaje, mzee?"

"Wanazika. Mtazame yule wa nyuma."

Nikamtazama. Wa nyuma alikimbia kando ya wenzake, akapita hadi mbele, akaingiza bega. Aliyekuwa mbele akatoka, akaachwa nyuma. Kisha mwingine, kisha mwingine. Watu waliokaa kando ya barabara wakainuka, wakalisindikiza jeneza hatua chache, wakarudi kukaa. Nikasikia sauti yako siku ile ya Baba, uliponipigia kutoka makaburini, unahema: "Walikuwa wananyang'anyana, dada. Hata mimi mwanawe nimepata bega mara tatu tu."

Pavel akaniuliza mgeni amesema nini. Kabla sijafungua mdomo, mzee akamjibu mwenyewe kwa Kiingereza: "Nasema picha ni safi sana." Akachukua peremende mbili na kijitabu, wakaenda pamoja kwenye meza ya mazungumzo.

Niliporudi ofisini nilifungua kazi zangu zote tangu nianze. Nimekuta vipande kumi na tisa vya maziko. Kumi na tisa, Kaka, na vyote nimevitia nyekundu kwa mkono wangu.

Tangu hapo naona visanduku. Juzi wanaume wawili walikuwa wakishusha zulia lililokunjwa kwenye ngazi za jengo letu, nikasimama nimebana ukuta hadi wakapita, na mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikisujudu naiona njia ya kwetu kutoka juu, kuanzia mlangoni hadi makaburini, njia ambayo sijaipita nikisindikiza jeneza, nanyi mkiwa wadogo kama punje, na rangi ile inawafuata na hamwinui kichwa.

Nilikwenda kwa Radka, msimamizi wa chumba chetu. Ni mwanamke mpole, huniletea matufaha ya bustani ya mama yake. Nikamwonyesha vipande.

"Kitu kirefu ni kitu kirefu," akasema. "Kanuni haiulizi ndani mna nini."

Nikakukumbuka wewe na makontena yako. Nyinyi angalau hufungua.

"Ndani mna maiti, Radka. Hawa hawana silaha."

Alitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Wewe umetoka kwa watu wa namna hii. Mbona wewe mwenyewe uliweka nyekundu?"

Nikamweleza kwamba kwetu wanawake hawaendi makaburini kuzika. Kwamba alipokufa Babu nilikuwepo, na nilichokiona ni jeneza likitoka, kisha mlango umejaa migongo ya kanzu, kisha hakuna kitu, na sisi ndani tukibaki na udi na vilio. Kwamba alipokufa Baba nilikuwa huku, sikuona hata mlango.

"Hujaona maziko ya baba yako?"

"Sijaona maziko ya mtu yeyote. Hiyo ndiyo mara ya kwanza, na nimeyaona kutoka juu."

Hakuandika hilo popote. Akampelekea Pavel habari, na Pavel akaja na furaha, Kaka, furaha ya kweli. Akaniambia niandike maelezo kamili: wanatembea vipi, wanapokezana vipi, wangapi, saa ngapi za mchana. Tutafungua kundi jipya, akasema, tutaliita maziko, na hakuna kampuni nyingine yenye kitu hicho. Nikaanza kuandika siku hiyo hiyo. Nilitaka hata kukupigia unieleze zaidi. Nilikuwa nimefika katikati ya ukurasa nilipojiuliza mnunuzi gani atalipenda kundi hilo. Anayetaka kuwaacha salama wanaozika? Au anayemtafuta mtu aliyejificha, na anajua kwamba hata aliyejificha hutoka kumzika baba yake?

Nikauchana ukurasa.

Upo mlango mmoja tu katika kazi yetu. Kipande ambacho mchoraji hana hakika nacho hutiwa alama ya "haijulikani", na vya alama hiyo hutupwa, mashine haisomi. Ijumaa nilibadilisha vyangu vyote kumi na tisa. Haijulikani, haijulikani, mpaka mwisho. Vya wenzangu kumi na mmoja siwezi kuvigusa. Kila badiliko huonyesha jina la aliyebadilisha, kwa hivyo kesho nitaitwa. Kibali changu cha kukaa hapa kimefungwa kwenye kazi hii. Nikirudi ghafla ndiyo sababu, na nakuomba uwe umeijua kutoka kwangu.

Mnisalimie Mama, mwambie shikamoo yangu naituma kwa magoti yote mawili. Msalimie wifi Saumu kwa subira yake, na shangazi Bi Rehema, aliyemkalia Mama eda yote bila kurudi kwake. Msalimie na jirani yetu Mama Karisa, aliyepika chungu kizima cha wali siku ya tatu ya tanga na hakukubali hata kusaidiwa kubeba. Nawakumbuka mmoja mmoja, kwa uso na kwa sauti.

Ni mimi dada yako anayekuhitaji,
Mwanasiti

Jumanne

Rukia anaondoka leo, nimeifungua bahasha tena.

Jana niliitwa. Pavel hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia baridi. Akanivutia kiti. "Unajua tuna nakala," akasema. Nakala ya zamani, yenye visanduku vyangu vyote kama nilivyovichora, ndiyo iliyotiwa kwenye ndege mbili zilizouzwa baada ya maonyesho. Zimeondoka wiki iliyopita.

"Zimekwenda wapi?"

"Hilo si la ghorofa ya pili."

Akaniambia makosa madogo husahihishwa kwenye toleo linalofuata, na kwamba kiti changu kipo nikitaka kuliandika kundi la maziko. Nikaiweka kadi yangu ya mlangoni mezani kwake, nikachukua koti.

Nitakuwa nyumbani kabla ya Idi, inshallah. Sijui walionunua ni akina nani. Huenda ni mzee yule, huenda siye. Sikuambii msibebe, maana lazima mbebe. Nakuambia tu, kwa sababu siwezi kulijua hili peke yangu: mahali fulani mchana huu wanaume wanapokezana mabega, wanakimbia kutoka nyuma kuja mbele ili kila mtu apate thawabu yake, na juu yao kuna kitu kinachowatambua kama nilivyokifundisha mimi.