Panda ya Wazee

Jumanne, Litein

Hapana, sijakasirika. Nashuku tu.

Leo jamaa wa mradi alikuja na tepu, akapima hapo steji ninapouza chai, pale wazee wanangojea gari. Nikamuuliza, "Bosi, ni nini hiyo?"

"Hapa tunaweka panda ya wazee."

Mimi Mkisii nikasikia kupanda. Nikamwambia, "Utapanda wazee? Wataota lini?"

"Panda, wewe! Panda ya kukaa!"

Kumbe ni banda, tu ni vile watu wa hapa "b" yao hutoka "p". Mabati, benchi, na njia ya simiti ya kiti ya magurudumu na mama mwenye mtoto. Ni kitu mzuri, siwezi kataa. Kogo Taplelei, nyanya mmoja mteja wangu, hungojea gari akikalia kreti yangu, mvua ikimpiga, magoti ikimuuma.

Lakini mbona tepu ilipita katikati ya jiko yangu? Na mbona nilipouliza mimi nitaenda wapi, akaanza kuangalia simu?

Nilimwambia Kogo. Akashangaa. "Weri, kijana yangu, wanakufukuza na jina yangu? Nani aliwaambia nataka kukaa bila chai?"

Hiyo ndiyo inaniuma. Wanaweza nitoa hapo na kila mtu apige makofi, hata mimi.

Sasa wewe wa tepu, kama utasoma hii, tukubaliane hivi. Jenga banda. Mimi nitafagia kila asubuhi, nichunge benchi isitembee, na nishike wazee mkono wakiingia gari. Wewe niachie kona moja ya jiko. Chai yako ya kwanza ni bure. Ya pili tutaongea.