Minyaa ya Shemeji Kambi

Jilore, Malindi
Jumatatu, 15 Septemba 1986

Mpendwa ndugu yangu Gona,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. U hali gani huko Nakuru, na kifua chako kimeizoea baridi? Jedida mkeo hajambo, na watoto je? Sisi huku tu wazima. Monicah wangu amepona malaria na amerudi shuleni. Mvua za vuli bado, lakini mikorosho imetoa maua mengi mwaka huu, nashukuru.

Barua yako niliipata Jumamosi. Nimeisoma mara tatu, na kila mara damu ilinipanda. Kurasa nne nzima umenifundisha juu ya hasira: nisiwe mwepesi wa kukasirika, nisiache jua litue nikiwa na kinyongo, nigeuze na shavu la pili. Ni maneno matakatifu, wala sibishani nayo. Lakini hukuuliza hata kwa mstari mmoja kilichonikasirisha ni nini! Umepokea barua ya Kambi, ukaiamini, ukachukua kalamu. Mimi niliyekubeba mgongoni siku ya kubatizwa kwako, leo unanihubiria kama mtu usiyemjua.

Basi nisikilize sasa. Unajua shamba aliloniachia marehemu mume wangu linapakana na la Kambi, nduguye, na mpaka wetu ni ua wa minyaa. Mwaka jana, matanga yalipokwisha tu, Kambi aliing'oa minyaa ile akaipanda hatua sita ndani ya shamba langu. Nilipopiga kelele alikuja jioni, jua karibu kuzama, kofia mkononi, akaniomba msamaha kwa machozi. Nami ni mtoto wa kanisa. Nilimsamehe, nikampikia na chai. Asubuhi minyaa ilikuwa pale pale alipoipanda.

Mwezi wa Mei akaisogeza tena, ikameza mikorosho miwili. Akaja saa ile ile, na kofia ile ile. Nikasamehe. Mwezi wa Agosti ikameza mitano, na korosho hizo ndizo zinazomsomesha Monicah. Gona, mtu huyu amelijua andiko kuliko wewe! Anajua kwamba jua likikaribia kutua mimi sina la kufanya ila kusamehe, na anajua kwamba mnyaa ukikaa ardhini wiki chache unashika mizizi.

Ile mara ya tatu nilimmwagia maji ya kuoshea vyombo mbele ya watoto wake, nikamwita mwizi. Hilo hakukudanganya. Kumwaga maji lilikuwa kosa na nimelitubu. Kumwita mwizi bado nalitafakari.

Jana ilikuwa Meza ya Bwana. Unaijua desturi yetu, waliogombana hutoka mbele wakapeana mikono kabla ya kula mkate. Mwinjilisti akatuita. Kambi akawa wa kwanza kunyoosha mkono, uso umelainika kama uji. Nikaupokea, nikasema kanisa zima lisikie: “Shemeji, nimekusamehe. Sasa ni saa nne tu, jua bado liko juu. Tukitoka hapa twende pamoja ukaing'oe minyaa yako kabla halijatua.”

Kambi akamtazama mwinjilisti. Mwinjilisti akakohoa, akasema mambo ya mashamba si ya madhabahuni, na kwamba moyo wangu bado una uchungu, ningoje mpaka mwezi ujao. Kambi akala mkate. Mimi nikarudishwa kwenye benchi! Niliketi pale, na sikuionea haya hasira ile hata kidogo. Yaani aliyeonewa akikasirika ndiye mwenye dhambi, na aliyemwonea ndiye mpole? Sisi hatukulelewa kwa mafundisho hayo.

Sikumtukana mtu. Nilirudi nyumbani nikavua nguo ya kanisa, nikajifunika kanga usoni kwa ajili ya utomvu, maana ukiingia machoni ni balaa. Nikaing'oa minyaa yote kwa jembe, mmoja mmoja, huku nikisali kwa sauti. Nikaipanda michache kwenye mpaka wa zamani, iliyobaki nikaibeba na kuirundika vizuri mlangoni kwa Kambi. Yeye hakuwapo.

Kisha nikaoga, nikavaa tena nguo ya kanisa, nikangoja. Jua lilipokuwa karibu kuzama nikaenda kwake. Nilimkuta barazani na mwinjilisti, wanakunywa chai, rundo la minyaa mbele yao. Nikapiga magoti, nikamwomba Kambi msamaha kwa upole kabisa.

Kambi alitazama jua, akamtazama mwinjilisti, jasho linamtoka. Mwishowe mwinjilisti akaweka kikombe chini akasema, “Msamehe, Kambi.” Ikambidi asamehe. Leo asubuhi rundo lilikuwa bado liko mlangoni kwake.

Sasa nakutaka Desemba uje usimame nami mbele ya wazee, tuweke mawe pale palipo na mpaka. Mahubiri yako yaache Nakuru.

Nisalimie Jedida na watoto wote, na mjomba Gerishom ukimwona. Monicah anakuamkia. Mungu akuzidishie upole, ndugu yangu, na akutilie hasira kidogo kwa ajili ya dada yako.

Wako akupendaye, hata leo,
Zipporah