Maji ya Gari Yako Yalikokwenda

Papa,

Nimekaa kwenye benchi yako ya kazi, hapa nyuma ya nyumba, na ile kamyoneti yako iko mbele yangu. Mama amekwenda sokoni. Kuna jambo moja kuhusu hii gari ambalo wewe hukulijua, na kuna lingine ambalo nimekuwa naogopa kukuambia.

Naanza na lile la kuogopa. Ulizikwa bila dada yako.

Shangazi Veronika alikuwa kule Zongwe anatungoja, mzigo wake umekwisha fungwa. Sisi watoto wako, mimi na Didier, tulitoka Kalemie alfajiri na gari yako kwenda kumchukua. Tulipofika kwenye mlima wa kwanza sindano ya joto ikapanda mpaka kwenye nyekundu, mvuke ukaanza kutoka chini ya kapo, pale mbele ilipo motere. Didier alikuwa hajalala siku mbili. Alishuka na kitambaa mkononi, akafungua kifuniko cha radiateri motere ikiwa bado inachemka. Wewe ulitukataza hilo tangu tukiwa wadogo: "Motere ya moto haifunguliwi. Iache ipoe, kama mutu mwenye hasira." Tuliijua hiyo sentensi kama tunavyojua majina yetu. Lakini siku ile, Papa, kichwa cha Didier hakikuwa hapo.

Maji yalimrukia mkono wote wa kuume. Tulirudi mjini kwa gari ya watu waliotupita njiani, tukaenda naye hospitali, na mwili wako haukuweza kungoja tena. Tulikuzika alasiri. Nilimpigia Shangazi simu. Aliuliza tu, "Mumekwisha kumuzika?" Nikasema ndiyo. Halafu simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Mkono wa Didier umepona, ila ngozi imebaki na rangi nyingine. Gari ilivutwa kwa kamba mpaka hapa nyumbani, naye hakutaka tena kuitazama. Fundi mmoja alikuja, akazunguka mara moja, akasema kichwa cha motere kimeungua: tufungue motere yote, au tuiuze kama vyuma. Didier akachagua kuuza. Mimi nikaomba juma moja. Akaniambia, "Riziki, unataka kufufua gari ao unataka kufufua Papa?" Nikaenda kutafuta funguo zako za kazi.

Nilianza asubuhi, motere ikiwa baridi, kama ulivyokuwa ukifanya. Nilifungua kifuniko: maji hayakuonekana. Nikajaza maji safi, nikaiwasha kifuniko kikiwa wazi, nikachungulia. Hakuna mapovu. Nikachomoa kijiti cha mafuta: mafuta meusi, safi, hayakuwa na ile rangi ya maziwa ya mafuta yaliyoingia maji. Nikaenda nyuma, nikaweka kiganja kwenye ekzosti: moshi wa kawaida. Basi kichwa cha motere hakikuwa na kosa. Nilifurahi, halafu nikachanganyikiwa zaidi, maana maji yalikuwa yanakwenda mahali.

Nikapitisha vidole kwenye mipira yote ya maji, nikiikamua kama ulivyonionyesha. Pampu kavu. Radiateri kavu. Nikatandika kartoni chini ya gari, nikaizungusha gari mitaani, nikairudisha juu ya kartoni zile zile. Asubuhi yake kartoni zilikuwa kavu kabisa, na maji yalikuwa yamepungua karibu chupa mbili. Siku tatu nilifanya vile. Siku ya nne nilikaa chini nikiegemea tairi, nikasema basi, Didier aiuze tu.

Mama ndiye aliyenikuta hapo. Aliniletea chai. Sijui kwa nini nilimuuliza, labda kwa kuchoka: "Mama, wewe unakaaka pale mbele na Papa. Hakuna kitu uliona?"

Akasema, "Miye najua nini ya magari? Ila ile gari inanilowesha miguu."

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu Papa yako akiwa angali na nguvu. Nilimuambia. Akasema njo mvua inaingia, nifunge mulango muzuri. Ilikuwa kiangazi. Nikanyamaza."

Nilitoa kapeti ya upande wake. Chini yake kulikuwa na maji ya rangi ya kutu, yenye ile harufu tamu ya maji ya radiateri, yamejaa kwenye sponji mpaka chuma kimeanza kuliwa. Papa, ni shofaji. Ile radiateri ndogo nyuma ya dashibodi, ya kupashia watu joto. Nani hapa Kalemie amewahi kuhitaji joto? Wewe hukuwahi hata kugusa kile kiwashio. Lakini maji ya motere yanapita humo saa zote, na ilikuwa imetoboka. Hata ule utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele, ambao Mama alikuwa akiufuta kwa kitenge kila safari, ulitoka humo.

Sikukasirika. Ila nilisikitika kidogo, kwa ajili ya Mama. Wewe aliyekuheshimu namna ile, fundi ambaye watu walikuletea magari kutoka Kabalo kwa treni, ulikuwa na jibu kando yako, kwenye kiti cha pili.

Niliiondoa shofaji kwenye njia ya maji. Mipira miwili iliyokuwa inaingia mle niliiunganisha kwa kipande cha bomba la chuma, nikaifunga kwa kolie, zile pete za kubania. Nikaosha mzunguko wote mpaka maji yakatoka meupe. Kisha nikamwomba Didier tuende Zongwe. Alikataa mara mbili. Siku tuliyotoka, mimi na Mama tukiwa mbele, alikuja peke yake, akaingia nyuma, akashika chuma kwa ule mkono. Kwenye mlima ule alipiga paa, nikasimama. Alikuja dirishani akatazama sindano. Ilikuwa katikati. Akasema, "Sogea. Nitaendesha miye."

Shangazi hakutulaumu. Alipanda mbele, Mama akasogea katikati, nami nikahamia nyuma.

Jana tulimfikisha kwako. Alivua viatu, akakaa chini, akakupa habari zote za Zongwe: nani amezaa, nani amehamia Moba, samaki wamekuwaje mwaka huu, nani amegombana na nani kwa ajili ya nyavu. Hakulia. Didier alikuwa amesimama mbali kidogo, Shangazi akamwita, akashika ule mkono wake ulioungua, akauweka juu ya udongo wako pamoja na wa kwake. Alikaa hivyo mpaka jua likaanza kutuchoma. Halafu akasema, "Lala sasa, mudogo yangu. Nimefika."

Sikujua kwamba nami nilikuwa nangoja kusikia maneno hayo.

Papa, nitamleta Shangazi kila kiangazi barabara ikikauka, madamu yeye ana miguu na mimi nina mikono. Hilo nimeahidi mbele ya Mama, na sasa nimekuahidi na wewe. Pumzika vizuri. Sisi tuko.

Binti yako,
Riziki