Jina Nililolitaja Kwenye Maombi

Mjukuu wangu Mghoi,

Huku Werugha tu wazima, babu yako tu ndiye ukungu umemkalia kifuani. Unaniuliza kama ni vibaya kumwombea kanisani mtu unayemkanda kazini.

Nikiwa ndio nimeolewa, nilimkanda jirani yetu Wakesho, nikakuta mgongo una alama za fimbo.

"Dada, mume wangu asijue umeziona."

Nikamwahidi. Jumapili, kwa kikundi cha akina mama, nikamwombea kwa sauti, kwa jina, nikilia. Mama mkwe wake alikuwa amepiga magoti kando yangu. Akaenda akamwambia mwanawe.

Alhamisi tulimzika Wakesho.

Nimetubu miaka hii yote na moyo haujatulia. Jumapili ile, tukitoka, akina mama walinishika mkono wakaniambia nimeomba vizuri sana.

Nyanya yako